Tembe Haionekani kutoka Angani

Ukikitazama kijiji cha Ugogoni kwa picha ya setilaiti, kitu cha kwanza kuonekana ni mabati. Yanang'aa: shule, zahanati, kanisa, nyumba ya mwalimu, duka la barabarani. Mibuyu nayo inaonekana, kila mmoja na kivuli chake. Mazizi yanaonekana kwa sababu samadi ni nyeusi na miiba imeizunguka kama pete. Tembe, nyumba ya asili ya Wagogo, haionekani. Paa lake ni bapa, limejengwa kwa miti na kusiribwa udongo, na udongo wenyewe umechimbwa palepale uani, hivyo rangi ya paa ndiyo rangi ya ardhi. Picha ikiwa imepigwa asubuhi, jua bado liko chini, unaweza kuona kivuli chembamba upande mmoja wa ukuta. Asiyejua anatafuta nini anapita tu.

Hilo nilikuja kulijua mwaka 2019, katika kijiji kimoja wilayani Bahi, si mbali na ile mbuga ambako maji ya mto Bubu huishia. Tulikuwa tunakusanya taarifa za visima: kipi kinatoa maji, kipi kimekufa, kina mama wanatembea umbali gani. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee aliyevuka sabini, alikuwa ametutembeza tangu asubuhi. Mchana tulipoketi kivulini nikafungua kompyuta mpakato nimwonyeshe ramani tunayoitumia, ile iitwayo OpenStreetMap, ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuichora.

"Hii ndiyo shule, mzee. Na hii zahanati."

Akasogeza uso karibu na kioo, akaanza kuhesabu kwa kidole. Kanisa. Kwa mwalimu mkuu. Mashine ya kusaga. Kisha kidole kikasimama.

"Hapa ndipo kwangu, mwanangu. Mbona peupe?"

Nikakuza picha. Pale aliponyooshea palikuwa na zizi, mti mmoja na ardhi tupu. Mtu fulani, huko mbali, alikuwa amechora kila bati la kijiji kile kwa uangalifu mkubwa, pembe nne nne, na kila tembe alikuwa ameiruka. Katika kaya ambazo mzee alinitajia upande wake wa korongo, zaidi ya nusu hazikuwepo.

Ramani ile huweka kumbukumbu ya kila mstari: nani kauchora, lini, akitumia picha gani. Nilipofungua kumbukumbu hizo nikakuta kijiji chote kilichorwa kwa usiku mmoja na mtu wa kujitolea ambaye, kwa maelezo yake mwenyewe, hajawahi kufika Tanzania. Alitoa usiku wake kwa ajili yetu. Alikosa kitu kimoja tu, mtu wa kumwambia tembe ni nini. Na mtu huyo nilikuwepo, niliyelala ndani ya tembe ya bibi yangu kule Mvumi kila likizo ya utoto wangu, nikisikia panya wakipita kwenye fito za paa.

Halafu kulikuwa na barabara. Ndefu, pana, imechorwa kuelekea kaskazini kama njia kuu ya kuingia kijijini. Barabara hiyo ni korongo. Kuanzia Mei hadi Novemba ni mchanga mweupe mtupu, na kutoka angani mchanga huo unafanana kabisa na barabara ya vumbi. Mvua za Desemba zikianza, linaweza kujaa kwa saa moja na kuondoka na ng'ombe. Fikiria dereva wa gari la wagonjwa, mgeni, anaifuata ramani hiyo Januari.

Nilifuta barabara, nikachora mto wa msimu, na nikamwandikia yule mchoraji ujumbe mfupi wa heshima. Alijibu siku ileile. Aliomba radhi, kisha akauliza swali zuri sana: atatofautishaje? Nikamweleza kwamba barabara hufuata watu na korongo hufuata mteremko. Kwamba korongo lina miti mikubwa kingoni na barabara yetu haina. Kwamba barabara haina sababu ya kujipinda kama nyoka mahali pa tambarare. Tangu hapo nimemwona akirekebisha makorongo ya Manyoni na Chamwino bila mimi kumwambia.

Ninachotaka kusema kuhusu programu huria, yaani programu ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzifungua na kuzirekebisha, kimo ndani ya kisa hicho. Kazi ya pamoja iliyo wazi kwa dunia nzima bado huwa na pengo, na pengo hilo liko palepale ambapo mwenyeji hakufika. Mlango umeachwa wazi miaka mingi. Sisi tumezoea kusimama nje, tukipokea kinachotoka.

Mimi mwenyewe nilianza kwa kupokea. Mwaka 2009 nilikuwa nasaidia kwenye steshonari moja karibu na soko la Majengo, Dodoma mjini: kuchapa barua za maombi ya kazi, kutoa kopi, kulamineti vyeti, na jioni kupiga Windows kwenye kompyuta za watu. Diski ilikuwa moja, nakala ya nakala, na namba ya kuifungulia tuliiandika ukutani kwa kalamu ya wino. Hakuna aliyeona tatizo. Virusi vilikuwa sehemu ya biashara. Mwanafunzi anachomeka flashi, mafolda yake yanatoweka, anakaribia kulia, nasi tunamtoza elfu mbili kuyarudisha.

Kijana mmoja aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Dodoma, chuo ambacho kilikuwa na miaka miwili tu tangu kianzishwe, akaniachia diski ndani ya bahasha ya karatasi iliyoandikwa Ubuntu, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Ilikuwa imetumwa kwa posta hadi kwenye sanduku lake bila yeye kulipa senti. Wakati huo watengenezaji wake walikuwa wakizituma diski hizo dunia nzima. Mwanzilishi wake, Mark Shuttleworth, ni mtu wa Afrika Kusini, na toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2004. Jina hilo kwetu halihitaji mkalimani. Mgogo husema munhu, Mswahili mtu, Mzulu umuntu. Ubuntu ndio utu.

Nikaiweka kwenye kompyuta ya zamani iliyokuwa inazimika hovyo. Nikachomeka flashi iliyojaa virusi. Hakuna kilichotokea, mafolda yalikaa kimya, yote yapo. Nikamuuliza yule kijana, hii ni bure? Akajibu, "Ni huru. Kuwa bure ni matokeo tu."

Jibu hilo nimelitafakari miaka mingi, na ninaona Kiswahili kimetupa hapa kitu ambacho Kiingereza hakina. Wao wana neno moja, free, kwa vyote viwili, cha kutolipiwa na cha kutofungwa, na watetezi wa programu hizi wametumia miongo kueleza kwamba hawazungumzii bei. Mwaka 1998 baadhi yao wakaamua kutafuta jina jingine kabisa, wakasema chanzo wazi. Sisi tuna bure na tuna huru, na hayajawahi kuchanganyikana. Lakini tahadhari: bure letu lina uchungu ndani yake. Nimekuja bure. Amehangaika bure. Kazi bure. Ukimwambia mteja wa Majengo kwamba programu hii ni ya bure, anachosikia ni kwamba haina maana, na kuna aliyenijibu waziwazi kwamba kama ingekuwa nzuri wangeiuza. Ndiyo maana nashikilia neno huria. Sitaki watu waipende kwa sababu hawakulipa.

Kwa ndugu zangu wafugaji huwa naeleza hivi. Programu unayonunua kwa leseni ya kawaida ni ng'ombe wa kuwekeshwa. Ametoka zizi la mwenzio, amelala kwako. Maziwa unakunywa, samadi unapeleka shambani. Humchinji, humuuzi, humtoi mahari, na akizaa, ndama si wako. Siku mwenye ng'ombe akimtaka, anakuja na fimbo yake. Programu huria unapewa ng'ombe mzima, na ana jambo moja ambalo ng'ombe wa kweli hana: ukimpa jirani, wako anabaki zizini. Unaweza kumtumia kwa kazi yoyote; unaweza kufungua msimbo chanzo, yaani maandishi ambayo programu imetengenezwa kwayo, ukayasoma na kuyabadilisha; unaweza kugawa nakala; na unaweza kugawa hata nakala uliyoibadilisha. Leseni ya GPL, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1989, inaongeza sharti: ukimgawia mtu, mpe na msimbo, kwa masharti yaleyale uliyopewa wewe. Asitokee mtu katikati akajenga ua kuzunguka kisima cha wote.

Na yote hayo yalianza kwa karatasi kukwama kwenye printa. Fundi yeyote wa steshonari atamwelewa Richard Stallman. Alikuwa akifanya kazi kwenye maabara ya chuo cha MIT, Marekani, na printa yao ya zamani ilipokuwa ikikwama, aliongeza maagizo kwenye programu yake ili kila anayesubiri karatasi apate taarifa, atakayewahi akaikwamue. Ikaja printa mpya kutoka Xerox. Nayo ilikwama, ila msimbo wake haukuja nayo. Akamfuata mtu wa chuo kingine aliyekuwa nao, akanyimwa. Mtu huyo alikuwa ameshaahidi kwa maandishi kutompa yeyote. Septemba 1983 Stallman akatangaza mradi wa GNU, kutengeneza mfumo mzima ambao hakuna atakayenyimwa msimbo wake. Miaka minane baadaye, Agosti 1991, mwanafunzi wa miaka 21 huko Helsinki, Linus Torvalds, aliandika kwamba anatengeneza mfumo wa kuendesha kompyuta, kwa kujifurahisha tu. Kiini cha mfumo huo, Linux, leo kimo ndani ya kila simu ya Android iliyoko mfukoni mwa dereva wa bajaji pale Sabasaba. Ile programu ya video yenye alama ya koni ya barabarani, VLC, ambayo hapa mjini kila mwenye kompyuta anaijua, ilianza kama mradi wa wanafunzi wa chuo kimoja cha Ufaransa mwaka 1996.

Niseme na kilichoniuma. Kuna ofisi niliyowahi kufanya kazi, sitaitaja, iliyokuwa na mfumo wa kutunza kumbukumbu uliotengenezwa na kampuni iliyopewa zabuni. Mkataba haukusema neno juu ya msimbo chanzo. Kila mwaka mfumo ulidai namba mpya ya kuufungua. Mwaka wa sita kampuni ikawa haipo: simu haipatikani, ofisi yao imepangishwa mtu anayeuza simenti. Namba tuliyokuwa nayo ilikuwa na wiki kumi na tatu kabla ya kuisha. Kumbukumbu zote zilikuwemo, tunaziona kwenye kioo, ukurasa baada ya ukurasa, ila hakukuwa na njia ya kuzitoa, kwa sababu faili lake lilikuwa limefungwa kwa namna ambayo aliyeifunga ndiye aliyeijua.

Tukaajiri vijana wanne. Wawili wanasoma kwa sauti kutoka kwenye kioo, wawili wanachapa kwenye jedwali. Jina, tarehe, namba, kiasi. Jina, tarehe, namba, kiasi. Nilikuwa nikipita kwenye korido nasikia sauti zao kama wanafunzi wa madrasa wanaokariri. Walikomboa karibu miaka minne ya kumbukumbu. Miwili ya kwanza iliondoka na namba ilipoisha. Mwenye ng'ombe hakuja hata na fimbo. Alitoweka tu, na ng'ombe akafa kwake.

Linganisha na zahanati. Muuguzi wa kijijini akishajaza vitabu vyake vya MTUHA, takwimu zake za mwezi huingizwa kwenye mfumo huria wa taarifa za afya uitwao DHIS2. Asili yake ni Afrika Kusini, baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka mwaka 1994, walipotafuta namna ya kukusanya taarifa za afya za nchi nzima iliyokuwa imekatwakatwa vipande. Chuo Kikuu cha Oslo kikaubeba na kuuratibu, na leo unatumika katika nchi zaidi ya 70. Ila jambo linalonigusa ni kwamba timu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa wanaoujenga. Watanzania wanaufungua, wanaubadilisha ukae kwa namna ya nchi yao, na wanachotengeneza kinaweza kutumiwa na mtu wa India au Msumbiji. Oslo wakiamua kuacha kesho, msimbo tunao. Hakuna kijana atakayekaa kusomea mwenzake takwimu za chanjo kwa sauti.

Watu wakisikia habari za watu wengi kujenga kitu kimoja, hapa kwetu husema haraka, aah, huo ni msaragambo. Nimeshausema mfano huo hadharani, na sasa nadhani haufai. Msaragambo una mtendaji, una siku, na asiyetokea anatozwa faini. Programu huria inafanana zaidi na kualikana. Mwenye shamba anapika pombe, anapeleka habari, na majirani wanakuja na majembe yao kwa sababu wanataka kuja, na kwa sababu kesho shamba litakuwa lao. Mwaka 2002 msomi wa sheria Yochai Benkler alijaribu kueleza jinsi kazi ya namna hiyo inavyowezekana kwenye intaneti bila bosi na bila bei, na sehemu ya maelezo yake ni nyepesi kueleweka: kazi inakatwa vipande vidogo kiasi kwamba mtu anaweza kuchukua kimoja kwa saa aliyo nayo. Tembe moja. Kosa moja la tahajia. Korongo moja.

Ila kualikana kuna ugonjwa wake, na kila aliyekulia kijijini anaujua: wanaokuja kulima wanapungua, wanaokuja kunywa hawapungui.

Machi 2024 mhandisi aitwaye Andres Freund alikuwa akipima kasi ya kanzidata. Akaona kuingia kwenye seva kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Wengi wetu tungesema ni mtandao. Yeye akafuatilia, hatua kwa hatua, hadi akafika kwenye programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo xz, ambayo imo kwenye kompyuta nyingi mno za Linux. Ndani ya matoleo yake mapya kulikuwa na mlango wa siri. Aliyeuweka alijiita Jia Tan, na kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa amesaidia mradi ule kwa upole, akirekebisha hiki na kile, mpaka akaaminiwa funguo. Alimkuta mlezi mmoja wa kujitolea, amechoka, akisukumwa na watu asiowafahamu, wakimwambia aongeze kasi au aachie wengine.

Kisa hicho kimekaa nami kwa pande zote mbili. Freund aliweza kuufuata uzi hadi mwisho kwa sababu hakuna aliyemzuia kufungua programu na kutazama. Hakuhitaji kuomba ruhusa. Wakati huohuo, kitu kilichotegemewa na mabenki na serikali na hospitali kilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, na sisi sote tuliokuwa tunakitumia hatukuwahi kuuliza anaendeleaje. Mimi nilikuwa nacho kwenye seva mbili. Sikujua hata kama kipo.

Kwa hiyo nikisema tuingie, sizungumzii sifa. Na kuna kazi ambazo hakuna mtu wa Helsinki anayeweza kuzifanya hata akitaka.

Chukua lugha. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao kutoka Sweden, walitoa programu za ofisini kwa Kiswahili, wakaziita Jambo OpenOffice. Mimi nilizikuta baadaye sana, lakini ndizo zilizonifanya nijiunge na kikundi kidogo kilichokuwa kinakutana Area C Jumamosi jioni, watu watano na birika la chai, tukitafsiri programu huria ya kukusanyia takwimu kwa simu. Ni ya aina ile ile ya KoboToolbox ambayo kila aliyewahi kufanya utafiti vijijini ameitumia: unajaza fomu pasipo na mtandao, simu inazitunza, jioni ukipanda kichuguu ukapata mtandao zinaondoka zote.

Tafsiri tuliyoikuta ilikuwa imefanywa na mtu mwenye kamusi na asiye na jirani. Kitufe cha kuhifadhi kiliandikwa Okoa. Muuguzi mmoja wa Chamwino alisimamisha kazi katikati ya mafunzo akauliza, kwa dhati kabisa, "Hapa niokoe nini?" Tukaandika Hifadhi. Kwa kushusha faili hatukubishana, maana pakua ni neno lililokaa vizuri kuliko yote niliyowahi kuyaona: mama anapakua wali, wapagazi wa Kibaigwa wanapakua magunia ya mahindi, nawe unapakua fomu. Kwenye neno la siri tulikwama wiki tatu. Mwenzetu wa Mombasa, tuliyemjua kwa maandishi tu, alitaka nywila. Ni neno fupi, linaingia kwenye kitufe. Sisi tukasema yule muuguzi hatalielewa. Mwishowe alikubali, akaandika kwamba mwenye fomu ndiye mwenye neno.

Lakini kitu kilichonifundisha zaidi ni kitufe chenye neno moja, Mpya. Kwa Kiingereza neno hilo moja linatosha, hivyo mtengenezaji alikuwa ameliandika mara moja kwenye msimbo na kulitumia mahali patatu: kuanzisha fomu, kuongeza swali, kuongeza kisima. Sasa sisi tutafsiri vipi? Fomu mpya, sawa. Swali jipya. Kisima kipya. Ukiandika Mpya kote, mtoto wa darasa la tatu anakusahihisha. Vivyo hivyo ujumbe wa kutuma: kwao kikibadilika kitu kimoja, jina, mambo yamekwisha; kwetu fomu 1 imetumwa, fomu 3 zimetumwa, na kitenzi nacho lazima kigeuke.

Ingekuwa programu ya kuwekeshwa, tungeishia hapo. Tungeandika Kiswahili kibovu kwa sababu sanduku tulilopewa lina nafasi moja. Hii ilikuwa huria. Mmoja wetu, binti aliyekuwa anasoma pale chuoni kwenye ndaki ya sayansi za kompyuta, akafungua msimbo, akalitafuta neno lile, akaligawa mara tatu, akaandika maelezo ya aya mbili kuhusu ngeli za Kiswahili kwa mtu ambaye hajawahi kusikia kitu kiitwacho ngeli. Akatuma. Siku mbili tukakaa kama watu wanaosubiri matokeo ya kidato cha nne. Siku ya tatu likaja jibu: imepokewa, na asante, kwa sababu watafsiri wa lugha nyingine kadhaa wenye tatizo la aina hiyo walikuwa wamelalamika miaka mingi na hakuna aliyekuwa ameeleza sababu. Mabadiliko yake mistari haifiki ishirini. Sasa yamo kwenye kila simu inayotumia programu ile, kwa kila lugha.

Ndipo ninapowaza kuhusu vyuo vyetu. Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanajenga, kila mmoja peke yake na kuanzia sifuri, mfumo wa maktaba, mfumo wa hosteli, mfumo wa kupanga ratiba. Wanautetea mbele ya walimu, wanapata alama, na mfumo unazikwa kwenye flashi. Natamani sana mwalimu mmoja aseme: mwaka huu usinijengee kitu kipya, nenda kwenye QGIS, programu huria ya kutengenezea ramani, au kwenye ramani ya wote, tafuta kinachokosea hapa kwetu, kirekebishe, niletee barua ya waliopokea. Imeshawezekana kwingine nchini. Wanafunzi wa Dar es Salaam mwaka 2015, kupitia Ramani Huria, walitembea Tandale na kwingineko wakichora mitaro na nyumba zinazofurika, kata kwa kata, pamoja na wakazi wenyewe. Kuanzia mwaka huohuo watu wa kujitolea wa Crowd2Map wamekuwa wakichora vijiji ili wasichana wanaokimbia ukeketaji wafikiwe kwa haraka, maana huwezi kumfuata mtu mahali ambapo ramani inasema hakuna kitu.

Kiangazi cha 2023 nilirudi Bahi na yule binti na mwenzake mmoja. Yule mwenzake kwao ni kata ya jirani. Tulipokuwa tumekaa na picha ya setilaiti, mimi nikitafuta vivuli vya kuta kama nilivyozoea, akaniambia nisihangaike na vivuli. "Angalia njia za miguu," akasema. "Zikikutana mahali zote, hapo kuna mlango." Na kweli. Njia nyembamba kama nyuzi, moja kutoka kisimani, moja kutoka zizini, moja kutoka kwa jirani, zote zinakusanyika kwenye kipande cha ardhi kisicho na kitu. Hapo ndipo tembe ilipo. Kwa njia hiyo tulichora siku ile tembe 41, na kesho yake tukazitembelea zote kwa miguu. Mbili zilikuwa mahame, tukazifuta.

Mzee alikuwa amedhoofu lakini alitupokea kwa mbukwenyi na maziwa mgando. Tukamwonyesha kwake. Safari hii pana mstatili mrefu wenye kona, kama tembe yake ilivyo hasa. Akautazama kwa muda.

"Na jina langu limeandikwa?"

Nikamweleza kwamba ramani hii inaonwa na dunia nzima, hivyo majina ya wenye nyumba hatuyaweki. Akaelewa upesi kuliko nilivyotarajia.

"Basi andikeni la mbuyu. Ule pale. Wenyewe una jina, na hauna siri."

Akalitaja. Ni jina la Kigogo, refu, na ndani yake kuna sauti ambayo herufi za Kiswahili hazina namna moja ya kuiandika. Binti akamwomba alirudie. Akalirudia. Akaliandika, akamsomea, mzee akatikisa kichwa, hapana, akalirudia tena polepole, na yule mwenzake aliyetoka kata ya jirani akachukua simu akasahihisha herufi mbili. Tukaenda wote hadi kwenye shina, mzee mbele na fimbo yake. Nikaisimamisha simu juu ya mzizi, nikasubiri namba ya usahihi ishuke: mita kumi na mbili, mita saba, mita nne. Kisha tukapanda kichuguu kutafuta mtandao.